Wahadzabe si kivutio cha nusu saa

Mhariri,

Mimi ni kijana wa Temeke. Mwaka jana nilikaa wiki tatu na wazee wa Kihadzabe, jamii ya wawindaji na warina asali, bondeni Yaeda Chini, karibu na Ziwa Eyasi. Siku ya kwanza niliwaamkia "shikamoo", wakanicheka, wakanifundisha kusema "mtana", salamu ya kwao.

Babu mmoja alinichukua kurina asali. Alipiga mluzi, ndege mdogo akamjibu, akaturukia mbele mti hadi mti mpaka kwenye mbuyu. Babu akapigilia vijiti kwenye shina, akapanda na kijinga cha moto. Nilidhani ndege atapewa nta kama ahsante. Wapi! Babu aliifukia: akishiba, kesho hatatuongoza. Nilicheka hadi nikaumwa na nyuki mdomoni.

Kinachoniudhi ni magari ya watalii. Yanafika alfajiri, wazee wanaambiwa wacheze, picha zinapigwa, yanaondoka. Wageni wawalipe wazee wenyewe, mkononi, na wakae angalau kutwa nzima. Nanyi wahariri, acheni kuandika "watu wa enzi za mawe". Babu yangu yule anazungumza Kiswahili kunishinda mimi wa mjini.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam