Kodi ya mirathi ya Uingereza inaifuata hadi nyumba ya Mbezi

Ndugu Mhariri,

Ndugu zetu wengi waishio Uingereza wanaamini kwamba kodi ya mirathi ya huko inahusu mali iliyoko huko tu, na kwamba nyumba ya Mbezi au shamba la Muheza ni mambo ya nyumbani. Hadi tarehe 5 Aprili 2025 wengi wao walikuwa na haki ya kuamini hivyo. Kuanzia siku iliyofuata sheria imebadilika, na familia zisizojua zitakuja kujulia msibani.

Zamani swali lilikuwa: kwao mtu huyu ni wapi? Aliyetoka Tanga akiwa na nia ya kweli ya kurudi aliweza kwa miaka mingi kujibu kuwa kwao bado ni Tanga. Sasa inahesabiwa miaka tu. Aliyekuwa mkazi wa Uingereza kwa hesabu za kodi katika miaka 10 kati ya 20 iliyotangulia anatozwa kwa mali yake popote ilipo duniani. Tena akirudi nyumbani kodi haimwachi mara moja. Aliyekaa miaka 10 hadi 13 inamfuata kwa miaka 3, kisha kila mwaka wa ziada unaongeza mwaka mmoja, mpaka miaka 10 kwa aliyekaa 20. Mstaafu aliyerejea Mombasa baada ya miaka 20 ya kazi London, akafariki mwaka wa pili, nyumba yake ya Nyali itaingizwa katika hesabu.

Tuchukue mama mtalaka aliyeishi Leicester miaka 14. Ana nyumba ya paundi 300,000 huko, akiba ya 40,000, na nyumba Dar es Salaam yenye thamani ya paundi 200,000. Jumla ni 540,000. Kila mtu ana paundi 325,000 zisizotozwa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 2009, na kuna 175,000 za nyongeza endapo nyumba aliyoishi inakwenda kwa watoto au wajukuu. Akiwaachia watoto kila kitu, kinachozidi ni 40,000, na kwa asilimia 40 kodi ni paundi 16,000. Nyumba ya Dar isingehesabiwa, wasingedaiwa chochote. Mama huyohuyo akimwachia dada yake kila kitu, ile nyongeza inapotea kwa kuwa dada si mzao wake. Hapo kinachotozwa ni 215,000 na kodi inapanda hadi 86,000.

Mume na mke hurithiana bila kodi, lakini ikiwa marehemu alishatimiza miaka 10 na mkewe hajatimiza kwa sababu amebaki Tanga, msamaha huo unakomea paundi 325,000. Mke anaruhusiwa, ndani ya miaka 2 tangu kifo, kuomba ahesabiwe naye kuwa mkazi wa muda mrefu ili msamaha uwe kamili. Asisaini fomu hiyo haraka, maana mali yake mwenyewe nayo inaingia kwenye kodi hiyo.

Na lazima awe mke machoni pa sheria ya Uingereza. Ndoa iliyofungwa Zanzibar au Lamu kwa kufuata sheria ya huko inatambuliwa. Nikaha iliyosomwa London bila kusajiliwa haitambuliwi, na Mahakama ya Rufani ilisema hivyo waziwazi mwaka 2020. Mwanamke aliye katika ndoa ya namna hiyo hana msamaha wa kodi, na mume akifa bila wosia hana fungu. Kinachobaki ni kwenda mahakamani kuomba atengewe kitu, na ombi hilo lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu hati ya usimamizi wa mirathi itolewe. Wenye nikaha tu wakafunge pia ndoa kwa msajili, kisha waandike wosia upya, kwa sababu ndoa hufuta wosia uliotangulia.

Muislamu anayetaka mali yake igawanywe kwa faraidhi, yaani mafungu ya mirathi ya Kiislamu, hazuiwi, kwani Uingereza mtu huandika wosia atakavyo. Ila sentensi moja tu ya "mali yangu igawanywe kisheria ya Kiislamu", bila kutaja mafungu wala nani atayakokotoa, inaalika kesi. Hati ya nyumba nayo husahauliwa mno. Nyumba nyingi za wanandoa zimeandikishwa kwa umiliki wa pamoja usio na mafungu, ambapo mmoja akifa mwenzake anaichukua yote na wosia hauigusi kabisa. Umiliki huo ugeuzwe mapema kuwa wa mafungu kwa taarifa ya maandishi kwa mwenza, na ofisi ya usajili wa ardhi iarifiwe. Halafu kuna kodi yenyewe: mke akipata thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, msamaha wa wanandoa unafunika thumni hiyo tu. Baadhi ya familia huweka mali chini ya wadhamini, mjane akafaidi mapato yake maisha yake yote, na baada yake mafungu yakaenda kwa warithi. Kodi inaahirishwa mpaka mjane afariki. Ni njia nzuri, lakini ipitiwe na mwanachuoni pamoja na wakili, wote wawili.

Wapo wanaoandikisha nyumba ya Dar kwa jina la mtoto huku baba akiendelea kupokea kodi ya pango. Haisaidii. Zawadi ambayo mtoaji bado anaifaidi inahesabiwa kuwa yake hata ikipita ile miaka 7 ambayo kwa kawaida huitoa zawadi kwenye kodi.

Mwenye mali nchi mbili ni vyema awe na wosia mbili, kila moja ikitaja ni ya mali ya nchi ipi. Hatari iko kwenye maneno yanayozoeleka mwanzoni, "nafuta wosia zangu zote za awali". Wosia ya pili ikiwa nayo, ya kwanza imekufa. Mashahidi wa Uingereza ni wawili, wawepo pamoja mtu anaposaini, na asiwemo mrithi wala mwenza wa mrithi, kwani wosia utasimama lakini fungu la mrithi huyo litapotea.

Kodi inadaiwa ifikapo mwisho wa mwezi wa 6 baada ya mwezi wa kifo, kisha riba huanza. Hati ya usimamizi haitolewi kabla kodi inayodaiwa wakati huo haijalipwa, na bila hati warithi hawawezi kuuza nyumba wapate pesa. Kodi ya nyumba na ardhi inaweza kulipwa kwa awamu 10 za kila mwaka, na benki inaweza kuilipa mamlaka ya kodi moja kwa moja kutoka akaunti ya marehemu, kwa hiyo akiba kiasi iachwe katika akaunti ya Uingereza. Nyumba ya Dar inathaminiwa kwa bei ya soko ya siku ya kifo, si bei iliyonunuliwa, na barua ya mthamini aliyesajiliwa itafutwe wiki za mwanzo kabisa.

Wakili wa mirathi,
London