Risala ya Madereva wa Malori na Matanboi kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Malaba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa baraza letu la mji (LC III), Afande wa trafiki, viongozi wa dini, wazee wetu, na mama zetu wa vibanda vya chakula, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kufika wewe mwenyewe, tena kwa kuchelewa saa tatu tu. Waliokutangulia walituma wawakilishi.

Umoja wetu ulianza chini ya mwembe, madereva wachache wakichangiana gharama za mazishi. Leo tuna akaunti benki, mahema mawili na viti vya plastiki vya kutosha harusi yoyote. Hata mipaka tumevuka: hema moja lilikodishwa ng'ambo ya Kenya, na likarudi. Mengine yamo katika katiba yetu, nakala utapewa.

Mheshimiwa, tulichokuitia ni ile kona ya mteremko uliyoipita asubuhi, ambapo dereva wako, bila shaka, alipunguza mwendo.

Tunajua kinachosemwa kila lori likipinduka: dereva alikimbiza, alilewa, alisinzia. Hatukatai. Ukiingia kona kwa mwendo mara mbili, nguvu ya kukuvuta nje inakuwa mara nne, na lori lililopakiwa hadi juu halitelezi kwanza kama gari dogo, linalala. Wabeba miwa wanalijua hilo. Wenye matangi yaliyojaa nusu wanalijua zaidi, maana mafuta hukimbilia upande uleule gari linakoinamia. Na aliyekesha kwenye foleni ya mpakani hana macho ya kutosha. Makosa hayo ni yetu, na vikaoni tunaambiana bila kuoneana haya.

Lakini lipo kosa lisilo letu. Ukingo wa lami pale konani umemeguka. Ukisimama chini kwenye vumbi, lami inakupita kifundo cha mguu. Tairi za kushoto zikishuka hapo, dereva anavuta usukani kulia. Tairi inasugua ukingo, haipandi; anazidi kuvuta. Mara inapanda ghafla, na lori linarukia upande wa wanaokuja. Kwa hofu anarudisha kushoto. Kichwa cha lori kinatii, trela linakataa. Hapo hata dereva wa miaka thelathini hana ujanja.

Na gari likibiringika, linaumiza kila linapogeuka. Paa linashuka vichwani. Asiyefunga mkanda anarushwa nje, na pengine gari linamlalia. Mkono uliokuwa dirishani unasagwa. Wanaosafiri juu ya shehena ya matoke, hao tusiwaeleze mbele ya watoto. Marekani, ambako hesabu hizi huwekwa kwa makini, ajali za kupinduka ni chache sana katika kila mia, lakini huchukua karibu theluthi ya vifo vya walio ndani ya magari.

Tanboi wetu mmoja alitolewa kwenye kabini akiongea vizuri, akidai simu yake. Wasamaria wakamshika mabega na miguu, wakamlaza kwenye pikapu juu ya magunia ya makaa. Shingo ilikuwa imevunjika. Leo yuko kwenye kiti cha magurudumu, pale safu ya mbele, na simu ilipatikana.

Mama zetu nao wanakaanga chapati hatua chache kutoka konani, na matangi ya petroli yanapita hapo usiku na mchana. Mwezi Oktoba 2024 tangi lilipinduka Kigogwa, barabara ya Kampala kwenda Bombo, likalipuka na kuua watu, wakiwemo waliokimbilia kuchota mafuta. Hatusemi zaidi.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa kwanza aliahidi kujaza ukingo na kuweka reli za chuma za kuzuia magari yasitumbukie bondeni. Tukampigia makofi, tukampa mbuzi. Mbuzi alikwenda, reli hazijaja. Wa pili alituletea wapimaji, wakapigilia vigingi vyekundu. Vigingi viliishia jikoni kama kuni. Wa tatu alitupa jezi na mpira, tunashukuru, ingawa hatuna timu.

Kwa hiyo tunaomba ukingo ujazwe na kushindiliwa, reli ziwekwe upande wa bonde, na vibao vya kona visimamishwe mapema, si pale pale dereva akishaingia. Wakati tukisubiri, tupatieni mbao mbili za kubebea majeruhi pamoja na kola za shingo, na mtu wa kutufundisha kuzitumia. Nguvukazi tunayo. Kifusi tutasomba wenyewe kwa malori yetu, dizeli juu yenu.

Mbuzi wako yupo, Mheshimiwa, amefungwa nyuma ya hema. Kamati imeazimia akabidhiwe siku lori la kwanza la kifusi litakapomwagwa, nawe uwepo.

Katibu wetu ameketi kushoto kwako akiwa na daftari na kalamu. Tutafurahi ukimtajia tarehe.

Tunaomba kuwasilisha.