Barua ya wazi kwa vijana wanaokimbilia kumbatiza mnyoo

Wanangu,

Mwezi uliopita nililetewa mswada wa makala niupitie. Picha zilikuwa nzuri, mti wa ukoo umechorwa kwa rangi, na ndani yake spishi mpya ya polikaeta iliyopewa jina la mtu maarufu. Nilifurahi. Minyoo wa baharini wenye singa hawapati watu wa kuwaandikia kila siku. Nikasoma mpaka sehemu ya vielelezo, nikakwama hapo. Kielelezo kilikuwa kimoja tu, na hicho kimoja kilikatwakatwa na kusagwa karibu chote ili kupata DNA. Kichwa hakipo. Taya hazipo. Hata usinga mmoja uliolazwa kwenye kioo cha hadubini haukuwepo.

Niliuliza kwa upole, wapi holotaipu, yaani kile kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi? Nikajibiwa kwamba mfuatano wa COI, lile jeni linalotumika kutambulisha spishi, umeshawekwa kwenye hifadhidata, na kwamba zama za chupa zimepita.

Basi nimeona niandike hadharani, maana jibu hilo sikulisikia mara ya kwanza, na waliolitoa si watoto wabaya. Wamefundishwa hivyo.

Jina la kisayansi, wanangu, limefungwa kwa kamba kwenye mwili. Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, toleo la nne, linalotumika tangu Januari 1, 2000, inadai mwandishi wa spishi mpya aitaje holotaipu waziwazi na aseme kielelezo hicho kitahifadhiwa katika mkusanyo upi. Wanaoiona kama urasimu wa makarani hawajawahi kuteswa na jina lisilo na mwili. Mimi limenitesa. Chukueni mnyoo Marphysa sanguinea. Mwanasayansi Montagu alimwelezea mwaka 1813 kutoka pwani ya Devon, Uingereza, kwa maneno machache ambayo yangemfaa mnyoo yeyote mkubwa mwekundu mwenye matamvua. Jina likasafiri. Kila bahari yenye mnyoo wa namna hiyo, mtu alifungua ufunguo wa utambuzi, ile orodha ya maswali ya kumtambua mnyama, ulioandikwa kwa ajili ya bahari nyingine, akafika mwisho wa mstari, akaandika sanguinea. Hata mimi niliandika hivyo, miaka mingi, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mwaka 2003, yaani miaka 190 baadaye, ndipo ilipobidi neotaipu, yaani kielelezo kipya cha kubeba jina pale ambapo cha kwanza hakipo, iteuliwe ili angalau tujue tunapotamka jina hilo tunamtaja nani. Tangu hapo spishi zimekuwa zikichomolewa moja moja kutoka ndani ya lile gunia. Lebo zangu za zamani zimebaki zinanicheka.

Msinielewe vibaya kuhusu molekuli. Mwaka 1976 Judith na Frederick Grassle walionyesha kwamba Capitella capitata, mnyoo ambaye kila mpima uchafuzi wa bahari alikuwa akimtumia kama kipimo, alikuwa angalau spishi sita zinazofanana kwa macho. Waliziona kwa vimeng'enya na kwa namna zinavyozaliana. Macho yangu peke yake yasingeziona kamwe. Kwa hiyo chukueni DNA, lakini mchukue kwa adabu: parapodia mbili tatu, vile vijimguu vya pembeni, za upande mmoja, katikati ya mwili, mzitie kwenye ethanoli ya asilimia 96. Kichwa kisiguswe, mkia usiguswe. Na atakayekuja baada yenu kuomba kipande kingine, na mwingine baada yake, mkumbuke wahenga: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Sasa lebo. Hapa mnivumilie, maana sijui kunyamaza.

Lebo hukaa ndani ya chupa, pamoja na mnyoo. Huandikwa kwa penseli, au kwa wino usioyeyuka kwenye spiriti, juu ya karatasi imara. Kalamu ya kawaida, ile mnayochomoa mfukoni, huyeyuka. Nimewahi kupokea chupa ya mkopo ambayo ndani yake kulikuwa na mnyoo safi, singa zake zote zipo, na kikaratasi cheupe pe kama hakijawahi kuguswa. Na mnaojivunia printa, nisikilizeni pia. Nimefungua chupa nyingine nikakuta herufi zimebanduka kwenye karatasi, zimetulia chini kama mchanga mweusi. Nilizitikisa. «S» ikapanda, ikazunguka, ikashuka. Nilikaa nikiitazama ile herufi kuliko nilivyomtazama mnyoo.

Lakini sina haki ya kucheka. Nilipokuwa na umri wenu niliandika lebo zangu juu ya vifuniko tu, kwa haraka, nikijiambia nitazirekebisha nikirudi. Siku ya kubadilisha spiriti nikafungua chupa saba kwa mpigo, nikavipanga vifuniko mezani kwa mstari. Kuna mtu akaniita mlangoni. Niliporudi, mstari wangu ulikuwa umesogezwa na mwenzangu aliyetaka nafasi ya kuweka kikombe. Vituo saba, kina tofauti, wiki mbili za kuchekecha matope kwenye chekeche la nusu milimita. Minyoo wale wapo hadi leo, wazuri ajabu, na hawafai kitu zaidi ya kufundishia wanafunzi namna ya kushika koleo. Aliyeniambia ukweli siku hiyo alikuwa msimamizi wangu, na hakupandisha sauti. Aliniuliza tu: «Huyu katoka wapi?» Akaonyesha chupa ya pili. «Na huyu?» Mpaka ya saba.

Kabla ya hapo, kufa. Mnyoo akitumbukizwa hai kwenye fomalini hujikunja, hujikata vipande, hutema koromeo lake vibaya. Mlazeni usingizi kwanza kwa kloridi ya magnesi iliyoyeyushwa kwa uzito unaolingana na maji ya bahari, kidogo kidogo, mpaka mkimgusa hashtuki. Kisha fomalini ya asilimia 10 iliyozimuliwa kwa maji ya bahari, asuuzwe, ahamishiwe ethanoli ya asilimia 70 au 80. Hii ni kwa wale mtakaowachora. Wa DNA wasipite kwenye fomalini kabisa. Ndiyo sababu ninawaambia daima mkamate zaidi ya mmoja. Mnamtoa kiumbe uhai. Angalau aonekane sura yake.

Halafu mumpime. Katika jamii ya akina Marphysa, pingili ambapo matamvua huanza hubadilika kadiri mnyoo anavyokua. Mtu ana kichanga cha pingili sitini, analinganisha na mzee wa pingili mia tatu aliyechorwa kitabuni, anashangilia spishi mpya. Kitu cha kutazama ni zile singa zenye umbo la kitana: lalisha parapodia kwenye tone la gliserini, panda hadi lenzi ya mafuta, uhesabu meno ya kitana, kisha uhesabu tena kwenye pingili za mbele, za kati na za nyuma, kwa sababu havifanani. Inachukua siku nzima. Mgongo utauma. Na kabla ya kushangilia, kumbukeni mnyoo Autolytus: dume lake aogeleaye wakati wa kuzaana aliitwa Polybostrichus, jike likaitwa Sacconereis, jenasi tatu kwa mnyoo mmoja, na waliozitoa walikuwa mabingwa wa zama zao.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Sajilini jina ZooBank, ile daftari rasmi ya mtandaoni ya majina ya wanyama. Andikeni latitudo, longitudo, kina na aina ya sakafu ya bahari. Kila mchoro uwe na mstari wa kipimo. Kivumishi cha Kilatini kifuate jinsia ya jenasi. Parataipu, vile vielelezo vingine vinavyoisindikiza holotaipu, zigawanywe kwenye makumbusho zaidi ya moja. Moto ulioteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil, Rio de Janeiro, Septemba 2018, mliuona. Msimpe mnyoo jina lenu wenyewe.

Kulinganisha na picha za vitabuni hakutoshi. Andikeni barua, ombeni mkopo wa holotaipu, au nendeni mkaione. Minyoo wa safari ya meli ya utafiti ya Challenger, 1872 hadi 1876, ambao mtaalamu wa minyoo McIntosh aliwaandikia ripoti mwaka 1885 bila mashine ya kusoma jeni wala umeme wa kuaminika, bado wako London kwenye spiriti, na watu bado wanawafungua na kuona alichokiona yeye na asichokiona.

Najua mtanijibu nini. Muda uko wapi? Fedha iko wapi? Hapo mna haki, na hasira yangu inageuka iwaelekee wazee wenzangu na mabosi wetu. Tunawahesabia makala kama mabunda ya kuni. Mtaalamu wa polikaeta akistaafu, nafasi yake hufutwa, na chumba chake hugeuzwa stoo ya kompyuta mbovu. Makumbusho yanaomba ethanoli kama ombaomba, na mnyoo anakauka chupani kwa sababu hakuna aliyelipwa kuzunguka na kujazia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba spishi mpya hukaa rafuni kwa wastani wa karibu miaka 21 tangu ilipokusanywa hadi kuelezewa. Spishi za polikaeta zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 11,000, na ambazo hazijapewa zinangoja watu ambao hatuwaajiri. Tukiwaona mnasaga kielelezo cha pekee ili muwahi tarehe ya ruzuku, sehemu ya mkono ule ni yetu.

Lakini msisage.

Yule kijana wa mswada tumeendelea kuandikiana. Mwanzoni alikuwa mkali, nami pia, nakiri. Juzi akaniambia kwamba kwenye friza amekuta kipande cha nyuma, pingili kama ishirini, ambacho hakikusagwa, na kwamba jiwe alilompata mnyoo anaweza kulifikia bila mashua maji yakipwa sana. Nimemtumia penseli mbili na karatasi za lebo. Anangoja bamvua.