Jumamosi: Chinatown ya Vancouver

Habari zenu ndugu zangu. Jumamosi tukutane saa 4 kamili asubuhi pale Millennium Gate, Pender Street. Ukishuka kituo cha Stadium–Chinatown, unatembea kidogo tu.

1. Tutaanza na Chinese Canadian Museum, ndani ya jengo la Wing Sang la mwaka 1889. Makumbusho haya yalifunguliwa 1 Julai 2023, miaka 100 kamili tangu Kanada ifunge mlango kwa karibu wahamiaji wote wa Kichina. Hapo tusiharakishane, tafadhali.
2. Kisha bustani ya Dr. Sun Yat-Sen.
3. Chakula dola 20, zimfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni. Kiingilio kila mtu ajilipie.

Andika hapa NAKUJA au SIJI, pamoja na idadi ya watoto, niwahi kuweka meza.