Barua kwa Somoe: ukoka wa mbele ya nyumba

Shangani,
Mtwara.
Novemba

Mpendwa Somoe,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, ni joto tu linatutesa, na kila mtu anatazama mawingu. Naona hela za korosho zimeingia, maana sijawahi kusikia ukiulizia bei ya mbegu za nyasi.

Picha za ukoka wako nimeziangalia, na umeuliza uvizibe vipi vile vipara visivyoota nyasi. Vyote vitatu usivitibu kwa dawa moja, shoga yangu. Kile cha karibu na geti ni njia ya watu, na pikipiki ya shemeji inalala papo hapo. Udongo umeshindiliwa hadi umekuwa sakafu. Maji yanakimbia juu, mizizi haipenyi. Mbegu ukizimwaga pale umewaandalia sisimizi karamu. Pikipiki ihamie ubavuni mwa nyumba. Watu wasipoacha kupita, panga mawe bapa wakanyage hayo, ukoka wa pembeni utajisogeza wenyewe.

Cha chini ya mwembe kiache. Ukoka unataka jua la saa sita hivi kwa siku, na mwembe wenu hautoi hata nusu yake. Ukiona lazima paote kitu, tafuta zile nyasi za majani mapana ambazo Wakenya huziita nyasi za Pemba. Zinavumilia kivuli, na hupandwa kwa vipande. Mimi ningetandika mkeka tu, embe zenyewe ndizo hizo zinaanza.

Kazi yako iko kwenye kile kikubwa, pale mafundi walipokuwa wanachanganyia zege. Saruji iliyobaki imegandisha udongo na kuuharibia asili yake, kwa hiyo ukipiga reki juu juu utakuwa unajichosha. Chimba, utoe lile gamba lote jeupe, ujaze udongo mzuri uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Iwe imeoza vizuri. Ikiwa mbichi itaunguza miche na kukuletea magugu. Halafu kuna yale magugu ya ndago, nimeyaona kwenye picha. Ukizing'oa kwa mkono unabaki na majani, vile viazi vyake vinabaki chini na vinachipua tena. Fukua na uokote kimoja kimoja. Kazi hii inaudhi, lakini ukishapanda hutapata nafasi ya kuifanya bila kung'oa na ukoka.

Kuhusu kupanda mwezi wa tisa kama ulivyosoma kwenye simu, maelekezo hayo ni ya watu wa nchi za baridi. Kwao majira hayo yana unyevu na ubaridi unaozifaa nyasi zao. Sisi Septemba ni jua kali, na upepo wa kusi unakausha udongo kabla hujarudisha ndoo. Subiri mvua ishike, mwezi wa kumi na mbili hivi, udongo ulowe kweli. Ukipanda hapo una miezi ya mvua mpaka Aprili.

Na hata hivyo, sina hakika kama unahitaji mbegu. Ukoka wetu unatambaa. Kipara cha ukubwa wa sinia hujifunga chenyewe udongo ukilainishwa na ukanyagaji ukikoma. Kwa hicho kikubwa ningechukua vipande vya ukoka vyenye vifundo viwili vitatu, nikavilaza kwenye vijifereji, sentimita kumi na tano kati ya kimoja na kingine, ncha ikichungulia nje. Havina gharama, na unajua unapanda aina ileile uliyonayo.

Ukishikilia mbegu, basi nunua ya ukoka kwenye duka la pembejeo, usome tarehe kwenye pakiti. Gramu tano hadi kumi zinatosha mita moja ya mraba. Ni ndogo mno, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu ndipo uzione unapozirusha. Pitisha reki kidogo, zisizame zaidi ya nusu sentimita, kisha kandamiza kwa ubao zishikane na udongo. Funika kwa makuti machache, maana kuku wa mama mkwe nawajua. Zitaanza kuchomoza baada ya wiki moja au mbili, wakati mwingine tatu. Ukiona kijani tu, makuti yatoke.

Siku mvua isiponyesha, nyunyiza maji kidogo asubuhi na jioni, ila yasiwe ya kile kisima chenu. Ukoka uliokomaa unayastahimili maji ya chumvi, mche mchanga hauwezi. Tumia ya bomba au kinga ya bati. Watoto wahamishie chandimu kwingine mpaka pafunge, na usikate kabla nyasi hazijafika vidole vitatu. Hapo punguza kimoja tu.

Mdogo wangu anakuja Lindi mvua zikianza. Nitampa gunia la vipande vya ukoka, nimelilowesha. Vikifika vipandwe siku hiyohiyo, visilale kwenye gunia, vitaungua kwa joto. Kwa hiyo zege na ndago viwe vimetoka kabla yake. Mwambie shemeji jembe liko wapi.

Wako,
Zuhura