Mnaotibu bure siku tatu, mafuta ya boti analipa nani?

Mhariri,

Ile habari yenu ya kambi ya matibabu bure, yenye picha ya daktari mgeni amempakata mtoto huku bango limetandazwa nyuma yake, nimeisoma mara mbili. Gazeti lenu nalisoma tangu enzi lilipokuwa linatufikia kesho yake mchana, na sijawahi kuwasumbua kwa barua. Safari hii mmenishinda. Mmeandika kwamba mamia wamefaidika. Mwandishi wenu amerudi lini kuwaangalia hao mamia?

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nikiwa na tabibu mmoja kijana na mama mmoja anayeandikisha majina, tunaendesha zahanati ya bure kwenye chumba tulichoazimwa na kigango, huku visiwani Buchosa, Ziwa Victoria. Wagonjwa wetu ni wavuvi wa dagaa, kina mama wachuuzi, na wazee walioachiwa wajukuu. Dawa nyingine tunapewa, nyingine tunanunua, nyingine tunakosa. Malaria na kuhara tunapambana nazo. Tusichokiweza ni majambazi wanaopora mashine za boti ziwani, maana kwa sababu yao ukimwomba mwenye boti akuvushie mgonjwa usiku, anakutazama kama umemtukana.

Sasa nawapa habari ambayo hamkuiandika. Mama mmoja mkaanga samaki, mtu wa makamo, alipanga foleni kwenye kambi ileile. Akapimwa presha, akaambiwa iko juu, akapewa vidonge kwenye kibahasha cha kaki kilichoandikwa kwa kalamu ya bluu "1x1 asubuhi". Basi. Jina la dawa hakuna, kipimo cha presha hakuna, tarehe ya kurudi hakuna, na arudi kwa nani wakati wenyewe walishafunga mahema? Vidonge vikaisha. Nilipomkuta mwaloni, pale boti za uvuvi zinaposhusha samaki, nikamwambia aje kwetu tumpime, akacheka: "Dada, mimi nimeshapona, wazungu wamenipa dozi nzima." Nani alimwambia presha inamezewa dozi ikaisha kama malaria? Hakuna aliyemwambia kinyume. Usiku mmoja akaanguka jikoni, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea. Wanawe walinigongea mlango na kile kibahasha mkononi, na hakikutuambia kitu. Mwenye boti tulimbembeleza, tukamjazia petroli, tukamvusha mgonjwa hadi ng'ambo na kutoka hapo kwa gari la kukodi mpaka hospitali Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi, la kuvukia ziwa kwenda Mwanza, tumelipata mwaka 2025, tunashukuru sana, lakini aliye kisiwani usiku wa manane daraja analisikia redioni tu. Alipona, ila ugali sasa anasongewa na binti yake. Na mambo hayakuishia hapo. Ndugu zake walikwenda kwa mpiga ramli, na ramli, kama kawaida yake huku Usukumani, ikamwangukia bibi jirani mwenye macho mekundu, kwamba ndiye mchawi. Macho yale ni ya moshi, Mhariri! Ni miaka ya kupikia kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mabibi wangapi wamekatwa mapanga katika kanda hii kwa macho ya namna hiyo? Tulikaa na mwenyekiti wa kitongoji, tukawaita sungusungu, walinzi wa jadi, nikaeleza kiharusi ni nini mpaka sauti ikakauka. Bibi hakuguswa, lakini alifunga vyombo vyake akahamia kwa mwanawe Geita. Hayo nayo muyahesabu kwenye mafanikio ya kambi.

Halafu walituachia maboksi "kama msaada". Shirika la Afya Duniani linasema dawa ya msaada ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Sehemu kubwa ya zile ilikuwa inakaribia kuisha, na maelezo yake yako kwa lugha ambayo hata tabibu wangu hakuitambua. Dawa iliyokwisha muda huruhusiwi kuitupa shimoni. Inateketezwa kwa utaratibu, chini ya usimamizi wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na gharama ni ya aliyenayo. Yaani tumepewa zawadi, na kuitupa tunailipia.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nisemee kichocho. Walipanga watoto mstari, wakawapima kwa ile fimbo ya urefu inayoonyesha mtoto ameze vidonge vingapi, wakawamezesha prazikwanteli. Vizuri, dawa ni nzuri, inaua minyoo iliyoko mwilini. Lakini haimkingi mtoto na minyoo ya kesho, na jioni ileile watoto walikuwa ziwani wanaoga na kuteka maji palepale penye konokono wanaoeneza kichocho, hatua chache kutoka kichaka ambacho mwalo mzima unakitumia kama choo. Choo hakuna! Ushuru wa dagaa unakusanywa kila alfajiri kwa mashine inayotema risiti, hata mama mwenye ndoo moja hapiti, lakini tundu moja la choo tumeliomba katika kila mkutano wa kijiji tukajibiwa lipo kwenye bajeti. Ya mwaka gani hatuambiwi.

Sisemi wasije. Waje, wapo madaktari wazuri mno kati yao, na mmoja alitufundisha kushona kidonda vizuri kuliko nilivyofundishwa chuoni. Ila kabla ya bango kutundikwa, wapite kwetu na kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Kila mgonjwa aondoke na daftari la shule la kurasa 32, lenye jina la dawa kwa herufi kubwa na kipimo chake. Atakayempiga picha mgonjwa wa presha amlipie vidonge vya mwaka mzima kwanza, ndipo apige, hata kumi. Na mwandishi wenu aje miezi sita baadaye, bila posho ya waandaaji, alale hapa usiku mmoja na aulize choo kiko wapi.

Risiti ya petroli ya usiku ule ninayo. Nitumieni anwani ya waandaaji wa kambi niwapelekee.

Muuguzi mstaafu,
Buchosa, Mwanza