Mama Nuru, mashine usiiuze kwanza

Kisasa, Dodoma

Mama Nuru mwenzangu,

Salaam. Za Singida, za kazi, za Mzee na mguu wake, za watoto? Huku tupo, tunashukuru. Mvua zimeisha, upepo umeshaanza kutuhamishia vumbi lote la Nzuguni sebuleni. Bibi wa Makole amepona, na dalili kwamba amepona ni kuwa ameshagombana na mtu wa maji.

Sasa tuje kwenye neno. Ujumbe wako wa sauti kuhusu mashine yako ya kukimbilia, hii iliyo sebuleni kwangu, nimeusikia, nikaurudia. Umeongea kistaarabu mno: "Kama huitumii, dada, basi niiondoe, isikujazie sebule." Hapo kwenye "isikujazie sebule" ndipo nilipotafuta kalamu, maana kwa simu ningekujibu nikiwa bado na moto. Najua maneno yametoka kwa Mama Gift. Alipita hapa kudai pesa ya kikoba, akaiona mashine imefunikwa kanga, hakuuliza, akaenda kukutangazia kuwa nimeigeuza kamba ya kuanikia nguo. Na mteja wa Ipagala kakutafutia yeye huyo huyo. Ana haraka gani?

Kanga ilikuwepo, ndiyo. Kanga ile ina kazi. Wewe unakijua kile kioo chenye namba nyekundu zinazohesabu dakika. Ukikitazama, dakika moja inarefuka kuliko foleni ya benki tarehe za mishahara. Unaona 4:10. Unawaza ada ya Baraka, unawaza deni la yule wa vitenge, unamuwaza marehemu mama, unatazama tena: 4:31. Mwenzangu, hakuna binadamu anayeweza kudumu hivyo. Nikakifunika. Nakunja kanga vizuri, nachomeka ncha zake pembeni zisije zikadondokea kwenye mkanda zikaniangusha, na maandishi nayageuzia ndani. Sitaki mahubiri nikiwa natoka jasho. Siku kanga ilipokaa juu ya kioo ndiyo siku mashine yako ilipoanza kuwa kitu kinachopandika.

Halafu kuna jambo Baraka alinisomea kwenye simu, nikacheka mpaka nikakaa chini. Mambo haya ya kutembea bila kufika yaliwahi kuwa adhabu ya jela! Mwaka 1818, Uingereza, injinia mmoja jina lake William Cubitt alitengeneza gurudumu kubwa lenye ngazi, wafungwa wakawa wanalipanda saa kwa saa, ngazi zinashuka, wao wanabaki palepale. Jela nyingine gurudumu lilisaga nafaka au kuvuta maji, nyingine halikufanya kazi yoyote, lilizungushwa ili mtu achoke tu. Mpaka sheria ya mwaka 1898 ndipo wakaondokana nalo. Kwa hiyo wewe ulipokuwa unaniambia mimi mvivu, ungejua kwamba kitu chenyewe kilibuniwa kimchoshe mtu akili kabla ya miguu. Nimemwambia Baraka amsomee na Mama Gift. Hakusikiliza, alikuwa anahesabu pesa za kikoba.

Ila jela haikunisaidia kupanda. Kilichonisaidia ni hospitali. Unakumbuka ile presha iliyonipeleka kupima moyo, wakati ule wewe unafungasha mizigo? Walinibandika waya kifuani, wakanipandisha kwenye mashine kama yako, kubwa zaidi. Inaanza taratibu, mwendo wa bibi harusi, lakini imeinuka kama mlima. Kila dakika tatu wanaongeza kasi na kuinua zaidi. Daktari, kijana mpole sana, akaniambia utaratibu huo umepewa jina la daktari wa Marekani, Robert Bruce, aliyekuwa anapima mioyo ya watu kwa namna hiyo miaka mingi iliyopita. Moyo wangu mzima, tumshukuru Mungu, uzito ndio wa kupunguza. Lakini nilichoondoka nacho pale ni zile dakika tatu. Nilipokuwa juu ya mashine yao sikuboreka hata kidogo! Nilikuwa nasubiri watanifanya nini tena. Nikarudi nyumbani nikiwaza: kumbe shida yangu si kukimbia. Shida ni kuambiwa "kimbia nusu saa", halafu ndani ya hiyo nusu saa hakuna kinachotokea.

Tangu hapo nusu saa nimeifuta. Nina dakika tatu, kisha nyingine. Tatu za kutembea kasi ya kilomita 5 kwa saa, tatu za kuinua mwinuko bila kuongeza kasi, tatu za kukimbia 7 na nusu, narudi kutembea. Siku nikiwa na hasira naanzia na mwinuko. Muhimu kitu fulani kibadilike kabla sijaanza kukihesabu. Na sishiki vyuma vya pembeni, yule daktari alinikataza: ukiegemea vyuma mwinuko unapanda bure, mikono ndiyo inayokubeba. Kipimo chake cha kasi nacho nimekipenda, kwamba mtu uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Nilikijaribu kwa kumpigia wifi yangu wa Kondoa. Kaniskia nahema, kadhani nimevamiwa, kazima simu kampigia jirani. Tuyaache hayo.

Sasa kuhusu nani anahesabu dakika tatu wakati kioo kimefunikwa. Hapa ndipo utakaponivulia kilemba. Bunge! Si unajua mwezi huu ni wa bajeti, na duka nafungua saa tano. Saa tatu asubuhi, kipindi cha maswali na majibu kikianza, naegesha simu juu ya kanga. Mbunge akiuliza swali la msingi, natembea. Naibu Waziri akisimama kujibu, nakimbia. Majibu yakiwa marefu ni shauri yangu, siruhusiwi kupunguza mpaka akae. Maswali ya nyongeza natembea tena. Jana kuna mmoja aliulizwa kuhusu barabara, akaanzia kwenye historia ya barabara hiyo tangu enzi hizo, nikaomba kimoyomoyo Spika amkatize. Hakumkatiza. Lakini nilimaliza naye! Na sasa najua habari za skimu za umwagiliaji kuliko mwenye mamlaka, niulize chochote.

Watu wanasema muziki. Kila mtu akikuona kwenye mashine anakuambia weka muziki. Mimi muziki umenishinda, maana nyimbo zangu nazijua zinaishia wapi, basi nahesabu nyimbo badala ya dakika, hakuna tofauti. Tamthilia ya Kituruki ile iliyotiwa Kiswahili, hiyo sawa, nimejiwekea sharti kwamba siitazami nikiwa nimekaa. Ukitaka kujua kama yule mama mkwe ameiba mtoto au hakuiba, panda. Jioni mbili tatu hivi nimepanda kwa ajili ya umbea tu, si afya. Mwalimu Chiku anaharibu, anakuja kunisimulia kabla. Mkataze.

Ukinijibu "toka nje ukakimbie, hewa ya bure", nitajua umeshasahau Dodoma. Alfajiri bodaboda hawana taa, saa mbili jua limeshakaa utosini, na mbigili za njia ya Mlimwa zinatoboa raba mpaka soli. Na magoti yangu yanapenda mkanda, hayapendi lami. Wewe huko mna Ziwa Singidani la kulizunguka, mna upepo mzuri, hamna watu wengi. Usilinganishe.

Lakini sijakuambia kubwa lenyewe, na hili ndilo la kukufanya umwambie mtu wa Ipagala asubiri. Ukutani, mbele ya mashine, nimebandika karatasi. Juu yake Baraka kanichorea barabara: Dodoma, Nala, Bahi, Kintinku, Manyoni, Ikungi, Singida. Kama kilomita 240 hivi. Kila nikimaliza, nafunua kanga, nasoma kilomita zilizotembewa, napaka rangi kipande chake. Nakuja kwako, Mama Nuru. Nilipofika Bahi nilinunua mchele wa Bahi kwa heshima, nikawapikia watu wa nyumba nzima. Kintinku nimeshaipita. Sasa hivi niko kwenye ule mlima wa Saranda, wa kupandia Manyoni, na kwa sababu ule ni mlima kweli, nimejiwekea kwamba mwinuko haushuki chini ya 6 mpaka niuone mji. Nimechelewa kwenye mlima huo, wiki nzima umeme ulikuwa unakwenda na kurudi. Mkanda ukisimama ghafla katikati ya mbio si mchezo, nashukuru ulinisisitizia kile kikamba chekundu cha kubana kwenye nguo. Sipandi bila hicho, na nikishuka naungoa ufunguo wake kabisa naficha kabatini, kwa sababu mtoto wa Gift ana vidole vyepesi na mkanda hauchagui.

Sasa niambie. Uuze mashine nikiwa Saranda? Uniache porini hapo?

Na kuhusu watu wa Singida. Nimembandika pia Alphonce Simbu, picha ya gazeti, pale mwisho wa barabara panapoandikwa Singida. Si ni wa huko kwenu? Ile marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, mimi na Baraka tuliitazama hapa tumesimama: saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na yule Mjerumani Amanal Petros kapewa muda huohuo, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Mbio za kilomita 42 zinaamuliwa kwa kifua! Baraka kapiga hesabu, anasema Simbu alikuwa kwenye kasi ya 19 na nusu kwa zaidi ya saa mbili. Mashine yako mwisho wake 14. Baraka akaiweka 14 kwa mbwembwe zote, akaomba poo kabla sijafika jikoni. Mimi sasa nikichoka namtazama Simbu, namwambia, baba, mimi niko 7 na nusu, usiniangalie hivyo. Najua ni ujinga. Unafanya kazi.

Nilitaka kukuambia pia habari za uzito, lakini mizani ya duka la dawa na mizani ya zahanati haziongei lugha moja, tuache. Presha ndiyo imeshuka, hiyo ina karatasi. Muuguzi aliniambia dakika 150 kwa wiki, za kutembea kwa haraka, hata ukizikatakata. Nazifikisha. Si kila wiki. Wiki ya msiba wa kina Mzee Chale sikuigusa, na wiki iliyofuata nilipanda kwa kusukumwa na karatasi tu, kile kipande kisichopakwa rangi kilikuwa kinanikera kila nikipita kwenda jikoni.

Kwa hiyo ombi langu liko hivi. Mtu wa Ipagala mwambie imepata mtu. Mtu ndiye mimi. Nipe mpaka nifike Singida kwenye karatasi, halafu tupatane bei ya kirafiki, nitalipa kidogo kidogo kupitia duka, wewe utachukua vitenge na kilichobaki taslimu. Kama una shida ya pesa ya haraka, sema wazi, usipitie kwa Mama Gift. Kama Mzee ndiye anayeitaka mashine kwa ajili ya mguu wake, hilo nalo sema, hapo sitabisha, nitaileta mwenyewe na fundi. Lakini kama ni "isikujazie sebule", imejaza, na nimeipenda ilivyojaza.

Sasa nijibu haya, tena kwa maandishi, sauti zako zina kelele za kuku. Kitabu chake cha maelekezo ulikiacha wapi? Mkanda umeanza kulia upande wa kushoto, fundi anasema unataka mafuta ya silikoni chini yake. Wewe ulikuwa unanunua wapi, hapa mjini au uliagiza Dar? Na usinitanie kuhusu mafuta ya alizeti, najua mnayo. Ule mlima wa Saranda hasa una urefu gani, wewe uliyeupanda na basi mara nyingi, niache lini kuinua mwinuko? Baada ya Manyoni kuna miinuko mingine au ni tambarare mpaka Ikungi? Mguu wa Mzee umefikia wapi, anakanyaga? Nuru kapata uhamisho au bado wanamzungusha? Nikifika kweli kwenye karatasi, naruhusiwa kupanda basi nije nile kuku wa kienyeji wa huko, au utaniambia nimeharibu kazi yote? Na je, kikoba cha mwezi huu umetuma, au Mama Gift atakuja tena hapa kukudai kupitia kwangu?

Jibu upesi, mtu wa Ipagala kasema anakuja Jumamosi na gari.

Ni mimi,
Mama Erasto

N.B. Baraka anasalimia. Anasema ukiuza, yeye anataka ile karatasi.